MBWA ANAPOMEZA DAWA ZA BINADAMU

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaofuga mbwa wa ulinzi na wa usasi wanakumbushwa kuwa dawa za binadamu zisiachwe mahali anapofika mbwa. Mnyama huyo huweza kutafuna pakiti nzima kwa dakika chache, na mwili wake hauwezi kuhimili baadhi ya dawa kama uwezavyo mwili wa mtu.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol, ni mfano ulio karibu. Vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 10 hufikia kiasi kinachoweza kudhuru ini. Ufizi huweza kugeuka rangi ya kahawia na pumzi ikawa nzito. Aibuprofeni na diklofenaki husababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huleta degedege na huweza kuua kwa muda wa saa chache.

Ikitokea ajali hiyo, mwenye mbwa azingatie yafuatayo:

1. Asingojee dalili. Mbwa huweza kuonekana mzima huku ini lake likiharibika. Daktari akimtapisha ndani ya saa 2 za mwanzo, manufaa huwa makubwa zaidi.

2. Aondoe dawa iliyobaki, ahesabu vidonge vilivyopungua, akumbuke saa ya tukio na achukue pakiti.

3. Ampeleke mbwa kwa daktari wa mifugo mara moja, na aeleze uzito na umri wake.

4. Asimtapishe mwenyewe. Maji ya chumvi nyingi ni sumu, na mbwa aliyelegea huweza kupaliwa na matapishi.

5. Asitegemee maziwa, madafu wala mafuta, kwani hayaondoi sumu. Mkaa wa jikoni nao si ule utumiwao na daktari.

6. Mbwa mwenye degedege asitiwe mkono kinywani. Viondolewe vitu vinavyoweza kumjeruhi.

Aidha, mbwa anayechechemea au mwenye homa asipewe dawa ya binadamu kwa huruma bila ya ushauri wa daktari wa mifugo. Huruma ya namna hiyo huweza kumuua.

Dawa zote zihifadhiwe katika kabati lililofungwa. Kwa kufanya hivyo, watoto wa nyumbani nao watasalimika.