SOMO: MAADUI WANAOSAIDIANA

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Maadui hawa husaidiana. Tazama.

Watoto wawili wamepata homa. Mmoja anakaa Musoma mjini. Baba yake ana mshahara. Mtoto anafikishwa hospitali siku ile ile.

Wa pili anakaa kijijini, wilaya ya Bunda. Kituo cha afya kiko mbali. Wazazi wake wanalima pamba, na pamba haijauzwa. Mama anahangaika siku mbili kukopa nauli. Siku ya tatu mtoto anafika akiwa amezidiwa.

Mbu ni yule yule. Tofauti ni fedha.

Zamani matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Lakini msamaha haulipi nauli. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wewe ufanye nini? Ukiuza pamba, samaki au mihogo, weka akiba ya nauli na ya bima. Uliza ofisi ya kijiji habari za bima na msamaha. Mtoto akipata homa, apimwe malaria kabla saa 24 hazijapita.

Zungumzeni darasani:
1. Kwa nini mtoto wa pili alichelewa?
2. Katika kijiji chetu, nani hana nauli? Tumsaidieje?