Jioni ya Tano, Mlango Umefungwa

Hanuka, ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wameikuta kwa jina la Sikukuu ya Kutabaruku, huchukua siku nane. Ikifika jioni ya tano watoto wadogo huwa hoi: wamelala kwa bibi, wamekula donati za jemu kwa jirani, wamepewa zawadi ambazo tayari zimevunjika. Hapo ndipo pa kufunga mlango. Israeli shule huwa likizo, na sikukuu hii, tofauti na Sabato, haikatazi kupika wala kuchora. Na jioni ya tano haiangukii Ijumaa kamwe, siku ambayo mishumaa ya Hanuka hutangulia ile ya Sabato na nyumba nzima hukimbizana na jua.

Usiipange siku kuanzia asubuhi. Anza na jioni, kisha urudi nyuma. Mishumaa hutakiwa iwake angalau nusu saa baada ya giza kuingia, na mwanga wake si wa kufanyia kazi, ni wa kutazama tu. Nusu saa hiyo ndiyo unayoilinda. Jerusalem mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja, nafuu kubwa kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu. Kwa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale kule Uganda, giza huja baada ya saa kumi na mbili. Mtoto asiyelala mchana mishumaa itamkuta analia. Popote ulipo, mlaze.

Kabla ya kulala kuna viazi. Latke ni vitumbua bapa vya viazi mbatata vilivyokwaruzwa: viazi vinne vikubwa, kitunguu, yai, vijiko viwili vya unga, chumvi. Wewe kwaruza, vidole vya watoto visiguse. Wao wape kazi ya kukamua maji kwa kitambaa safi, nao wataikamua kama wanamkomoa mtu. Maji yaache yatulie bakulini, yamwage taratibu, na ile wanga nyeupe iliyoganda chini irudishe kwenye viazi. Ndiyo inayozishika latke zisisambaratike. Kukaanga ni kwako peke yako, wao wakiwa usingizini. Mafuta ya moto na mtoto anayekimbia havikai jiko moja. Jioni utazipasha kwenye oveni.

Wakiamka, leta pia. Pia ya Hanuka ina pande nne zenye herufi za Kiebrania: nun hupati kitu, gimel unazoa zote, hei unachukua nusu, shin unaweka moja. (Ya Israeli ina pe mahali pa shin.) Wengi huchezea karanga, lakini karanga humpalia mtoto mdogo, vipande vya biskuti laini vinatosha, na mchezo huisha wenyewe vikiisha kuliwa. Mimi sihesabu mshindi kwa walio chini ya miaka mitano. Amani ya sebule ni ghali.

Kinara kiandaeni mapema, kungali na mwanga. Kina matundu tisa: manane ya siku, na moja la shamashi, mshumaa unaowashia wenzake. Mtoto apange mishumaa mitano kuanzia kulia. Kuwasha kutaanzia kushoto, kwa ule mpya. Chini weka sinia la bati. Dirishani ni mahali pake pa jadi, lakini pazia lifungwe mbali.

Na mapema, si wakati wa kuwasha, mwambie hii si keki ya kuzaliwa: hatupulizi, tunaiacha izime yenyewe. Kisha zima simu, mkae mkekani, umsimulie kichupa cha mafuta ya siku moja kilichowaka siku nane katika Hekalu. Vita vya Wamakabayo vilivyozaa sikukuu hii, pamoja na mauaji yake, vitamsubiri akue. Akitaka kukisia mshumaa upi utazimika wa kwanza, kisieni pamoja. Kwangu aghalabu huwa shamashi, uliotangulia kuwashwa.