Hiari ya Kurudisha na Wepesi wa Muuzaji

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni darsa katika mlango wa biashara. Twaiandika kwa ajili ya ndugu zetu wenye maduka na wenye kampuni, na kwa ajili ya wanaonunua kwao, nao ni sisi sote.

Tumeulizwa mas-ala hii: mwenye kampuni ametundika bango ukutani ya kwamba mali ikiisha kuuzwa hairudishwi. Mnunuzi ameliona, akalipa, akachukua mali yake. Alipofika kwake akakuta aibu ndani yake. Je, bango limemwondolea muuzaji dhima?

Jawabu: halikumwondolea. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, muuzaji akishurutisha kwamba yu mbali na kila aibu, sharti hilo humfaa katika jambo moja tu, nalo ni aibu ya ndani katika mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kwani mnyama hula na kunywa, na ugonjwa wake hujificha chini ya mbavu hata mwenye kumfuga asiujue. Ama kitambaa, saa, simu na mashine si wanyama. Aibu iliyokuwamo kabla mnunuzi hajakipokea kitu yampa hiari ya kukirudisha, bango liwepo lisiwepo. Wala asiseme mtu ya kwamba mnunuzi ameridhia alipolisoma bango, kwani mtu huridhia alijualo.

Mnunuzi naye analo sharti lake, na wengi hulipuuza. Hiari ya aibu ni ya papo hapo. Hana ruhusa mtu kukaa na kitu wiki mbili akikitumia, naye amekwisha kujua aibu yake, kisha akakirudisha. Akijua usiku, angoje asubuhi. Akijua naye yu katika sala au chakula, amalize. Kisha aache kukitumia, aende kwa muuzaji au kwa wakili wake. Akichelewa pasipo udhuru, haki yake imeanguka.

Sasa tazameni: sheria imemharakisha mnunuzi, na kampuni nyingi za leo zinamchelewesha. Nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, na kampuni yenyewe siitaji.

Nalinunua pampu ya kuvutia maji ya kisima cha madrasa. Siku ya tatu ilianza kuvuja. Nalimwita fundi, akaifungua, akatuonyesha ufa wa ndani usioweza kuonekana mpaka ifunguliwe. Nalishuhudisha watu wawili usiku ule ule, na asubuhi nalikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa. Kijana aliyekaa mezani akaniambia kwamba yeye huuza tu, wa kurudishiwa mali ni tawi la pili. Tawi la pili wakataka stakabadhi, nalikuwa nayo. Wakataka na kasha. Kasha watoto walikuwa wamekwisha kulifanya kitu cha kuwekea sandali. Nikaambiwa nipige simu. Nikapiga, sauti iliyorekodiwa ikaniamrisha nibonyeze moja, kisha nne, kisha ningoje, kisha ikakatika. Siku kumi na tisa zilipita hivyo, na watoto wakichota maji ya kutawadhia kwa ndoo.

Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Shekhe, wasamehe, upumzike." Naye alisema kwa huruma. Lakini fedha zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za wazazi, wengine walitoa shilingi hamsini hamsini, nazo zilikuwa amana mkononi mwangu. Mlinzi wa amana hana ruhusa ya kusamehe kisicho chake. Ndipo nikafikiri: ni wangapi waliorudi nyumbani kabla yangu, wakaacha haki yao kwa kuchoka? Na fedha zao zimo katika hesabu ya kampuni, zahesabiwa faida. Mtu aliyeacha haki yake kwa kuchoka hakusamehe. Kusamehe kwahitaji moyo uliopenda, na huyu amenyamaza tu. Mwenye kampuni na aizingatie faida ya namna hiyo kabla hajaitolea zaka.

Asili ya taabu hii si ubaya wa watu daima. Katika biashara ya zamani muuzaji na mnunuzi walikaa uso kwa uso, na sheria ikawapa hiari ya majlisi: maadamu miili yao haijaachana, kila mmoja aweza kuvunja bei. Wakitaka zaidi, huafikiana hiari ya sharti isiyozidi siku tatu. Hukumu hizi zingaliko. Lakini kampuni ina mikono mingi, na anayepokea fedha siye anayeweza kuzirudisha. Wakili hapiti mpaka wa idhini aliyopewa. Kwa hiyo yule kijana wa mezani simlaumu. Aliyempa idhini ya kupokea akamnyima idhini ya kurudisha ndiye wa kuulizwa.

Kuna kisa cha Marekani kifaacho hapa. Mtu mmoja, jina lake Aaron Montgomery Ward, alikuwa mchuuzi akizunguka katika nchi za wakulima, akasikia manung'uniko yao. Mwaka 1872, katika mji wa Chicago, akaanza kuwauzia kwa njia ya posta, kwa karatasi moja ya orodha ya bidhaa na bei zake. Mkulima alikuwa mbali, haoni mali wala haigusi. Mwaka 1875 Ward akawaahidi ya kwamba asiyeridhika na mali atarudishiwa fedha zake. Biashara yake ikakua, na maduka ya jina hilo yakadumu mpaka mwaka 2001.

Wanafunzi wa fiqhi wataona jambo. Kwetu Mashafii, kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi katika kauli iliyo dhahiri zaidi, ila kiwe ni salamu, kwa kitu kilichosifiwa katika dhima na thamani yake kutolewa pale pale majlisini. Mahanafi wamesihisha, wakampa mnunuzi hiari akiisha kukiona. Yule Mmarekani hakusoma kitabu chochote cha hivi, lakini haja ya watu ilimfikisha karibu na mlango huo huo.

Na hata pasipo aibu kuna ikala, yaani mnunuzi amejuta tu, akaomba bei ivunjwe, na muuzaji akakubali. Si wajibu, ni ihsani, na Mtume (s.a.w.) ameipa ahadi ya kusamehewa makosa Siku ya Kiyama. Lakini angalieni: ikala kwetu ni kuvunja bei, si bei mpya. Hurudishwa thamani ile ile. Anayemkata mteja sehemu ya fedha kwa kumkubalia ikala, ikala yake haikusihi.

Turudi kwenye pampu. Siku ya ishirini bawabu wa duka alininong'oneza kwamba mwenye kampuni husali Alasiri katika msikiti wa karibu. Nalikwenda, nikasali, nikaketi karibu naye. Hakuwa amejua lolote. Tulikwisha kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, naye akanituma na barua. Akaniuliza afanyeje ili wengine wasiteseke. Nikamwambia: mpe yule kijana wa mezani idhini ya kurudisha fedha mpaka kiwango ukijuacho, mali irudishwe pale pale iliponunuliwa, kasha lisiwe sharti, simu ijibiwe na mtu, na lile bango lishushwe.

Pampu nyingine ilifungwa Jumamosi, na maji yanapanda. Yule kijana amepewa idhini yake. Bango nalilikuta lingali ukutani wiki iliyofuata, nami nimemkumbusha.