MOTOKARI YA WAGONJWA NA KAZI YA JIRANI

Soma: Luka 10:30-35, Marko 2:1-4.



Mumejua habari ya Musamaria aliyemukuta mutu amepigwa na wanyang'anyi. Alifunga vidonda vyake, akamupandisha juu ya punda, akamufikisha mahali pa kulindwa. Kazi hizi tatu ndizo kazi za motokari ya wagonjwa hata leo. Lakini angalia: vidonda vilifungwa kwanza, safari ikafuata. Basi somo letu ni hili: motokari inachukua mugonjwa, lakini jirani ndiye anayeanza kumuokoa.

1. Kazi hii ilianza namna gani?

Wakati wa vita vya Wafaransa, tangu mwaka 1792, munganga Dominique Jean Larrey alitengeneza magari mepesi ya farasi ili waliojeruhiwa waondolewe upesi. Mbele ya hapo, mara nyingi waliachwa mpaka vita viishe. Mwaka 1869, hospitali ya Bellevue katika muji wa New York ilianza kutuma magari ya farasi mujini. Wazee wetu wa Kongo walibeba wagonjwa kwa kipoyi mabegani. Shabaha ni moja: mugonjwa afike wakati angali hai.

2. Kazi yenyewe mujini

Kila asubuhi shofere na mwuguzi wanaangalia mafuta, magurudumu, oksijeni, bandeji na kitanda cha kubebea. Kitu kisichoangaliwa asubuhi kitakosekana usiku, mbele ya mutu anayekufa.

Simu ikilia, ulizo la kwanza ni: "Muko wapi?" Hapo wakati mwingi unapotea, kwa sababu anayeita analia tu. Tena, muji kama Bukavu umejengwa juu ya vilima, na nyumba nyingi ziko mahali pasipofika motokari. Mwuguzi anaiacha barabarani, anashuka kwa miguu katika matope, amebeba kitanda. Akifika anakuta kundi la watu. Wengine wanalia, wengine wanamutukana kwa kuchelewa, wengine wanamuvuta mugonjwa kwa mukono. Inamupasa kuwatuliza, kuuliza maneno, kuangalia pumzi na damu, yote kwa dakika chache. Wagonjwa wengine wanakufa njiani. Yeye anarudi, anaosha motokari, na simu inalia tena. Muwaombee watumishi hawa.

3. Woga

Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kule Beni na Butembo wengi waliogopa motokari ile, wakisema kwamba anayeingia ndani harudi. Wakawaficha wagonjwa nyumbani, na waliowaosha wakashikwa na ugonjwa vilevile. Lakini kati ya waliofika mapema na kupewa dawa, wengi walipona. Mutu akifichwa mpaka siku ya mwisho, kisha akafa hospitalini, watu wanasema hospitali imemuua. Sivyo. Kuchelewa ndiko kulikomuua.

4. Fanya hivi mpaka motokari ifike

a) Sema kwanza jina la kartye, la avenye, na alama inayoonekana, kama kanisa ao shule. Tuma kijana asimame barabarani.

b) Damu inatoka sana: kamata kitambaa safi, kandamiza kidonda kwa nguvu, usiachilie. Linda mukono wako kwa mufuko wa plastiki.

c) Amezimia lakini anapumua: umulaze kwa ubavu. Usimunyweshe maji wala dawa.

d) Ana kifafa: ondoa vitu vya kumuumiza. Usitie kijiko kinywani.

e) Ameanguka na pikipiki: usimukalishe, usimuvute. Ikiwa lazima kumubeba, mubebe watu wengi pamoja juu ya ubao, kichwa na mugongo vikiwa sawa.

f) Mwanamuke anatoka damu nyingi, mbele ao kisha kuzaa: umulaze, umufunike, ita mara moja. Usingojee asubuhi, wala ruhusa ya mume aliye mbali.

5. Watu wane

Katika Marko tunasoma habari za mugonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wane. Kundi la watu liliziba mulango, nao wakafungua dari. Hawakungojea wengine. Kanisa lenu linaweza kufanya vile. Chagueni leo watu wane wenye nguvu katika kila kartye. Mutengeneze kipoyi, mukiweke mahali panapojulikana na wote. Andikeni namba ya simu ya hospitali kwenye ukuta wa kanisa. Wekeni feza kidogo kila juma kwa ajili ya safari ya asiye na kitu, kwa maana Musamaria naye alilipa.

Maulizo

1. Musamaria alifanya nini mbele ya kuanza safari?
2. Motokari inaweza kusimama wapi karibu na nyumba yako? Nani atabeba kutoka pale?
3. Kwa nini ni hatari kumuficha mugonjwa?
4. Watu wane wa kartye yenu ni nani? Taja majina yao.

Maombi: Ee Bwana, utupe macho ya kumuona jirani aliyeanguka, na mikono isiyochelewa. Amina.