Goti Likichakaa: Upasuaji Ufanyike Lini?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi zinalo nyumbani, nalo ni magoti ya wazazi wetu. Mzee huanza kwa kulalamika anapopanda kilima. Baadaye huinuka kitini kwa kushika meza, na mwishowe huacha hata kwenda jumuiya kwa kuwa nyumba ya zamu iko mbali. Watoto wakisikia kwamba goti laweza kubadilishwa hospitalini, wanagawanyika. Mmoja anataka mama apasuliwe mara moja, mwingine anasema kwa umri huo aachwe apumzike. Mara nyingi mama mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi linaloiwezesha mifupa kupishana bila kusuguana. Kadiri miaka inavyokwenda gegedu hilo huweza kulika, hasa kwa wenye uzito mkubwa, kwa walioumia goti zamani, na kwa waliofanya kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo. Watu husema ute wa goti umekwisha. Sivyo hasa. Kinacholika ni gegedu, nalo halirudi kwa maji ya bamia wala kwa supu ya makongoro, ingawa vyote viwili ni chakula kizuri. Lakini goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mtu akapata homa, hilo si la kungojea: laweza kuwa na usaha ndani, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Katika upasuaji wenyewe daktari huondoa tabaka jembamba la mfupa ulioharibika, huvalisha ncha za mifupa vifuniko vya chuma, na katikati huweka plastiki ngumu. Mguu haukatwi, kama baadhi ya wazee wanavyoogopa.

Picha peke yake haitoshi

Wengi hudhani picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Chukueni mfano wa akina mama wawili wenye miaka 68, na picha zao zinafanana. Wa kwanza huumia jioni tu, huenda sokoni na kurudi, na hulala vizuri. Wa pili huamshwa na maumivu usiku, hawezi kwenda mbali zaidi ya kisima, na mguu umeanza kupinda. Wa kwanza hana haja ya kisu kwa sasa. Wa pili anayo, iwapo tiba nyingine zimejaribiwa kweli na zimeshindwa.

Tunasema kweli kwa sababu wengi huita tiba kile ambacho ni vidonge tu. Diklofenaki ikinywewa kila siku bila daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, na wazee ndio huathirika zaidi. Kupunguza uzito kuna faida kuliko watu wanavyofikiri: kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne katika kila hatua. Kuna pia mazoezi ya paja. Mzee akae kitini, anyoshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Afanye hivyo mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu. Na bakora ishikwe mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Wengi hukosea hapo.

Kuwahi na kuchelewa

Goti bandia nalo huchakaa. Kumbukumbu za Australia na Finland zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba katika kila magoti 100 yaliyobadilishwa, kama 82 yalikuwa bado yanatumika baada ya miaka 25. Kwa hiyo mtu wa miaka 70 huenda asihitaji tena upasuaji wa goti hilo maishani. Mwenye miaka 50 aweza kuhitaji wa pili, ambao ni mgumu kuliko wa kwanza.

Lakini kwa maoni yetu, kosa la kuchelewa ni la kawaida zaidi katika familia zetu. Mzee akikaa kitini miaka mitano, paja hunyauka, goti hukataa kunyooka, na uzito, sukari na presha huongezeka. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa bado anatembea hutoka akiwa na nafasi nzuri zaidi ya kutembea. Umri peke yake si kizuizi. Daktari huangalia moyo, sukari na hali ya mwili. Sukari iwe imetulia kwanza, na meno mabovu au vidonda vya miguu vitibiwe, maana vijidudu vyaweza kufuata damu hadi kwenye chuma. Aliyechomwa sindano ndani ya goti kwa kawaida hungoja miezi mitatu.

Hatari zipo: maambukizi, na damu kuganda katika mishipa ya mguu. Tena katika wagonjwa kumi, mmoja au wawili hawaridhiki na goti jipya. Hata waliopona vizuri hupata shida kuchuchumaa, basi choo cha shimo kiwekewe kiti kabla mama hajarudi nyumbani. Kupiga magoti nako kwa wengi huwa kugumu. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yenyewe yanamruhusu mwenye sababu ya afya asipige magoti wakati wa Misa, na asione aibu.

Goti jipya halitembei lenyewe. Mgonjwa husimamishwa siku ileile au kesho yake, hutumia magongo kwa wiki kadhaa, na mazoezi ya kulikunja huuma. Kupona kikamilifu huweza kuchukua mwaka. Familia ijiulize nani atalala nyumbani wiki sita za mwanzo, na nani atampeleka mazoezini.

Upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili, na mgonjwa wa mkoani huanzia hospitali ya rufaa iliyo karibu. Siku ya kumwona daktari, ulizeni gharama ya kifaa, ya kitanda na ya mazoezi kila moja peke yake, na kama bima yenu inalipia zote. Daktari akiuliza maumivu yanamzuia kufanya nini, watoto wanyamaze, mama ajibu mwenyewe.