Kona ya Tukuyu na Hesabu ya Gari Jepesi

Barabara kuu ya Uyole kwenda Kasumulu hupanda hadi Isyonje, ikateremka Kiwira, ikapita Tukuyu, kisha ikaendelea kushuka katikati ya migomba na mashamba ya chai mpaka tambarare ya Kyela. Mkazi wa Bagamoyo, kata iliyomo mjini Tukuyu na isiyo na undugu na Bagamoyo ya pwani, hahitaji kufundishwa kona ni nini. Lakini kona hiyohiyo ina fizikia ambayo wengi wetu huipita bila kuiuliza, na ndiyo fizikia inayowafanya wapenzi wa magari ya michezo duniani kote wahangaike kupunguza kilo moja baada ya nyingine. Tuanze mwanzo kabisa.

Gari lililo katika mwendo hutaka kwenda moja kwa moja. Kulipindisha kunahitaji kani inayolisukuma kuelekea ndani ya kona, na kani hiyo haina pa kutokea ila kwenye tairi. Kiasi kinachohitajika ni tungamo la gari, mara kasi kwa kipeo cha pili, gawa kwa nusu kipenyo cha kona. Kiasi ambacho tairi zinaweza kutoa ni tungamo lilelile, mara mvutano wa dunia, mara namba ya msuguano baina ya mpira na lami. Tungamo lipo pande zote mbili, kwa hiyo linajifuta. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu, namba ya msuguano 0.9: jibu ni mita 21 kwa sekunde, yaani kama kilomita 76 kwa saa. Gari la kilo 800 na gari la kilo 1,600 yanapata jibu moja.

Hapo mwanafunzi makini ananyanyua mkono. Kama uzito unajifuta, kwa nini Colin Chapman wa Uingereza alitengeneza Lotus Seven mwaka 1957 yenye uzito wa kama nusu tani tu? Kwa nini Mazda waliitoa MX-5 mwaka 1989 ikiwa chini ya tani moja, na Lotus wakaja na Elise mwaka 1996 yenye kilo 725 hivi? Wote hao walikuwa wakijua hesabu ya darasani. Walijua pia kwamba ndani yake kuna jambo moja lililorahisishwa kupita kiasi: namba ya msuguano ya tairi haitulii mahali pamoja.

Mpira haushiki lami kama chuma kinavyosuguana na chuma. Unajibonyeza ndani ya vinundu vya kokoto, na pale unapogusa hasa, unanatana na lami. Ukiuongezea mzigo, eneo linalogusa kwelikweli linaongezeka, ila haliongezeki kwa uwiano uleule. Tuchukue mfano: tairi iliyobeba kilo 250 inatoa mshiko wa kilo 250. Ipe kilo 500 na itatoa labda 450. Mshiko umepanda, lakini kila kilo ya mzigo sasa inanunua mshiko kidogo kuliko mwanzo. Hii ndiyo siri yote ya gari jepesi, na natamani ingefundishwa kidato cha tatu, maana inaeleza mambo mengi ya barabarani kuliko mteremko laini wa kwenye vitabu.

Sasa liingize gari kwenye kona. Kani ya tairi inafanya kazi chini, kwenye lami, ilhali kitovu cha uzito wa gari kiko juu. Tofauti hiyo ya kimo hulielemeza gari upande wa nje. Kiasi cha mzigo kinachohama ni rahisi kukipata: uzito wa gari, mara nguvu ya kona ikilinganishwa na mvutano wa dunia, mara kimo cha kitovu, gawa kwa upana kati ya tairi za kushoto na za kulia. Gari la kilo 1,000, kitovu kikiwa sentimita 50 juu ya lami, upana mita 1.5, kona ya 0.9: kilo 300 zinahama. Upande wa nje uliokuwa na 500 unabeba 800, wa ndani unabaki na 200. Fanya hivyo kwa gari refu la kilo 1,600, kitovu sentimita 70, upana mita 1.4. Zinahama kilo 720, na tairi mbili za ndani zinabaki na kilo 80 tu kati ya 800. Gari hilo liko karibu kuinua mguu. Tairi za nje zimelemewa, za ndani hazina kazi, na kwa sababu tairi iliyolemewa hushika kwa hasara, jumla ya mshiko imeshuka. Zile kilomita 76 za darasani hazifikiki tena.

Kwa hiyo anayetaka gari likate kona vizuri ana njia tatu za kweli: lishuke chini, litanuke, lipungue uzito. Springi ngumu na stebilaiza nene havimo katika orodha hiyo, ingawa vijana wengi huanzia huko. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, na dereva huhisi gari limetulia, lakini kilo 300 zetu zitahama vilevile. Kinachobadilika ni mgawanyo: ukikaza mbele kuliko nyuma, sehemu kubwa ya mzigo unaohama itaangukia tairi ya mbele ya nje, itachoka kwanza, na gari litakataa kugeuka hata ukizungusha usukani. Ukikaza nyuma, mkia ndio utakaotoka. Fundi mzuri hutumia springi kuchagua ni ncha ipi ishindwe kwanza. Kwa dereva anayejifunza ningechagua ya mbele, bila kusita, kwa kuwa gari linalokataa kona hurudi lenyewe ukipunguza mafuta taratibu, na linalotoa mkia humgeuza mtu kabla hajajua limeanza.

Afrika Mashariki imeliona jambo hili kwa macho yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda East African Safari Rally akiwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya lita 2.4 na uzito usiopita sana tani moja. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na aina hiyohiyo. Alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya saluni, hata ikabidi kanuni ya kutenganisha itumike. Safari haikuwa uwanja wa lami, ilikuwa tope, vumbi na makorongo, na gari la aina hiyo lilihesabika kuwa la starehe ya mjini. Lakini tope nalo lina namba yake ya msuguano, ndogo kuliko ya lami, na pale ambapo mshiko ni haba, kila kilo isiyobebwa ni kilo isiyohitaji kusimamishwa wala kupindishwa.

Tupande kidogo. Tukuyu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina uzito wa karibu asilimia 86 tu ya ile ya Dar es Salaam. Injini ni pampu ya hewa: kwa kila gramu ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili kila kitu kiungue. Hewa ikipungua kwa asilimia 14, nguvu inapungua karibu kiasi hichohicho. Injini ya farasi 130 inayoteremshwa bandarini inafika Tukuyu ikiwa na farasi 112. Gari la kabureta lina tatizo la ziada, maana jeti iliyopimwa kwa hewa ya pwani inaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua, plagi zinatoka nyeusi, na mwenye gari anadhani anaibiwa mafuta. Fundi anayejua huweka jeti ndogo zaidi. Kwenye magari ya kisasa sensa na kompyuta hurekebisha petroli, lakini hakuna kompyuta inayoweza kuumba hewa.

Turbo inaweza, kwa sababu inaishindilia. Uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg, uko katika mwinuko unaokaribiana na wa Tukuyu. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille aliipa Renault nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio pale, na ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la turbo kufanya hivyo katika Formula One. Mwaka uliofuata René Arnoux alishinda hapohapo na gari la Renault, nalo la turbo. Wenzao wenye injini zisizo na turbo walikuwa wakipumua hewa ile nyepesi kama ilivyo.

Asiye na fedha ya turbo anayo njia nyingine. Akiondoa kilo 100 kutoka gari la kilo 1,000, kila farasi anavuta mzigo pungufu, na gari linachapuka kana kwamba injini imeongezewa asilimia 11. Hizo ni sehemu kubwa ya zile 14 zilizochukuliwa na mlima. Kilo 100 si miujiza kwa gari linalopelekwa uwanjani kukimbizwa: kiti cha nyuma, tairi ya akiba na jeki, spika na boksi lake, zulia, betri kubwa kuliko inavyohitajika, tangi lililojaa lita 45 wakati lita 15 zinatosha. Mkanda, kichwa cha kiti na nguzo za bodi haviguswi kamwe. Ukinunua rimu, pima uzito wake kwanza, kwa kuwa rimu nzito huifanya tairi irukeruke juu ya matuta badala ya kuyafuata, na tairi iliyo hewani haina msuguano wowote.

Sasa tuiname kwenye tairi yenyewe. Gari la kilo 1,000 linaweka takriban kilo 250 juu ya kila tairi. Upepo wa psi 30 ni kama kilo 2.1 kwa sentimita moja ya mraba. Gawa, na utapata sentimita za mraba 120: kipande cha sentimita 10 kwa 12. Vipande vinne vya namna hiyo ndivyo vyote ulivyo navyo, kwa breki, kwa kona na kwa kuondoka. Na upepo ndani ya tairi hautulii. Ukianza na psi 30 asubuhi ya nyuzi 20, tairi zikichemka hadi nyuzi 60 baada ya mizunguko michache, geji itasoma karibu 36. Kipande kimepungua, katikati ya tairi imevimba, mshiko umeshuka, na dereva analaumu shokapu. Ndiyo maana uwanjani watu hupima upepo gari likiwa moto, wakatoa kidogo, na kuandika namba daftarini. Safari ya kutoka Dar hadi Tukuyu, kwa upande wake, haibadilishi sana usomaji: mwinuko unaupandisha kwa zaidi ya psi 2, na baridi ya wilaya hii ya Rungwe inarudisha karibu zote.

Mshiko wa kipande hicho ni mmoja, na kazi zinaugawana. Ukitumia asilimia 80 kwa breki, kilichobaki kwa kona si 20 bali 60, kwa kuwa kani mbili za pembe mraba hujumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras. Ndiyo sababu dereva hufundishwa kufunga breki gari likiwa limenyooka, kisha kuziachia polepole wakati akigeuza usukani. Anayekanyaga ghafla katikati ya kona anaomba asilimia 100 mara mbili.

Breki zenyewe zinakula nishati, na hapa mteremko wetu ni mwalimu mkali. Kutoka Tukuyu hadi usawa wa Ziwa Nyasa ni mita 1,000 za kushuka. Gari la kilo 1,000 linapoteza hapo megajuli 9.8, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara 25. Joto hilo lote likiishia kwenye diski, lingechemsha ndoo kubwa ya maji, lita 29 kutoka nyuzi 20 hadi 100. Zidisha kwa 50 upate lori lililojaa, na utaelewa kwa nini mabango ya mteremkoni yanasisitiza gia nzito: injini ndiyo inayopaswa kulimeza joto hilo, breki zibaki baridi kwa ajili ya dharura.

Halafu mvua, ambayo Rungwe haina uhaba nayo. Watafiti wa NASA miaka ya 1960 walionyesha kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea zaidi upepo wake: kwa psi 30 ni kama kilomita 91 kwa saa, kwa psi 22 ni 78. Kanuni hiyo inaibana zaidi tairi iliyokwisha meno. Gari jepesi lenye tairi pana zilizopunguzwa upepo ni hodari kwenye lami kavu, na ni la kwanza kuelea dimbwini.

Maarifa haya yana mahali pake. Kenya ina mashindano ya taifa ya autokrosi, ambako gari linakimbizana na saa kwenye njia iliyofungwa, likikosea linaangusha koni, na dereva anarudi foleni kujaribu tena. Barabara ya Tukuyu ina bodaboda, wanafunzi wanaotoka shule na akina mama waliobeba ndizi, na hakuna kati yao aliyekubali kuwa sehemu ya jaribio lako. Wenye magari wa Mbeya wana viwanja vya wazi na wana mafundi. Nawasihi waombe kibali, wapange koni, waite gari la wagonjwa, waanze. Na wewe unayesoma ukiwa na fedha za kuboresha gari lako mwezi huu, acha kwanza rimu na springi. Nunua geji nzuri ya upepo, upime tairi zote nne kesho asubuhi zikiwa baridi.