SOMO LA BUSTANI: MNYAA NA NDUGU ZAKE



Leo tunajifunza juu ya mimea isiyoliwa, lakini iliyo karibu na nyumba nyingi: mnyaa na ndugu zake. Mimea hii hupendeza, haihitaji maji mengi, na mmoja wao hutupatia uzio bila kwenda porini kukata fito. Lakini yote ina utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kumharibia mtoto macho. Kwa hiyo soma somo hili mpaka mwisho kabla ya kupanda. Jirani yako asiyejua kusoma, msomee.

UKOO WA MNYAA

Wataalamu wa mimea huita jamii hii Euphorbia. Ina aina zipatazo 2,000 duniani. Muhogo, mbono na mti wa mpira ni binamu zake. Ukikata jani la muhogo unaona maziwa yanatoka: hiyo ndiyo alama ya ukoo.

Watu wengi huchanganya mimea hii na dungusi kakati kwa sababu ya miiba. Njia rahisi ya kutofautisha ni kukata ncha kidogo kwa kisu, uso ukiwa mbali. Yakitoka maziwa meupe mengi, uko kwa ndugu wa mnyaa.

AINA NNE ZA KUZIJUA

1. Mnyaa wenyewe. Burundi huitwa umunyari, na Rwanda umuyenzi. Matawi yake ni ya kijani, membamba kama penseli, na majani ni madogo sana tena huanguka mapema. Ukiachwa huwa mti wa mita nyingi. Ukikatwa mara kwa mara huwa uzio mzito ambao mbuzi hapendi kuugusa. Wengi wetu tumezaliwa ndani ya maboma yaliyozungukwa na mmea huu. Kuna aina nyingine ya mnyaa ambayo ncha zake hugeuka rangi ya machungwa au nyekundu zikipata jua kali. Hiyo hupandwa kwa uzuri tu.

2. Taji la miiba. Asili yake ni Madagaska. Ni mmea mfupi, wenye miiba mingi na maua madogo mekundu, ya waridi, ya manjano au meupe. Hutoa maua karibu mwaka mzima ukipata jua la kutosha. Huu ndio unaofaa zaidi kupandwa katika kopo.

3. Ua la Noeli. Asili yake ni Meksiko. Balozi wa Marekani huko, Joel Poinsett, aliupeleka kwao katika miaka ya 1820, na kutoka hapo ukaenea. Yale mekundu tunayoyaita maua ni majani. Maua yenyewe ni yale madogo ya manjano katikati. Majani hugeuka mekundu wakati usiku ni mrefu. Ukiuweka mahali penye taa inayowaka usiku kucha, unaweza kubaki kijani.

4. Mti wa kinara. Huu ni mkubwa, wenye matawi manene yanayopanda juu kama kinara cha mishumaa. Humea wenyewe katika nchi kavu za Afrika Mashariki. Utomvu wake ni mkali sana. Usiupande karibu na nyumba, shule wala kisima.

JINSI YA KUPANDA

Huna haja ya mbegu. Omba tawi kwa jirani, kisha fanya hivi:

1. Chagua tawi lililokomaa, si lile changa laini. Kata kipande cha shubiri moja kwa kisu chenye makali.
2. Chovya sehemu iliyokatwa katika maji mpaka utomvu uache kutoka. Maji hayo yamwage shimoni, mbali na watoto na mifugo.
3. Kipande cha mnyaa au cha taji la miiba kiweke kivulini siku 4 hadi 7, mpaka kidonda chake kikauke. Usiharakishe hapa. Kikipandwa kibichi huoza. Kipande cha ua la Noeli hupandwa mara baada ya utomvu kukoma.
4. Panda mwanzoni mwa mvua. Kwa uzio, acha nafasi ya sentimita 30 kati ya kipande na kipande.
5. Mwagilia kidogo tu. Maji mengi huua mimea hii kuliko jua. Ua la Noeli peke yake hupenda udongo wenye unyevu kiasi.

KUPANDA KATIKA KOPO

Kopo tupu la mafuta, kidumu kilichokatwa au sufuria iliyotoboka vinafaa. Toboa matundu manne au matano chini. Weka kwanza kokoto, kisha udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga, na samadi kavu kidogo. Maji uliyooshea mboga yanatosha. Huna sababu ya kutumia maji ya kunywa. Mwagilia tena pale udongo wa juu unapokuwa mkavu kabisa. Weka kopo juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Wako watakaosema ua haliliwi. Ni kweli. Lakini kopo moja la maua mlangoni halichukui nafasi ya mchicha, na nyumba yenye kitu cha kupendeza macho ni nyumba ambayo mtu ameamua kuishi ndani yake, hata akiwa mbali na kwao.

HATARI YA UTOMVU

- Unapokata, vaa mikono mirefu, funga mikono kwa mifuko ya plastiki, na usimame upande upepo unakotoka.
- Usijiguse uso kabla ya kunawa kwa sabuni. Osha na kisu pia.
- Usichome matawi wala kuyatumia kama kuni. Moshi wake huwasha macho na kifua.
- Usitupe matawi mtoni. Utomvu huu huua samaki.
- Usiutumie kama dawa ya jino, ya chunjua wala ya tumbo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, alieleza kansa ya taya inayowapata watoto katika nchi zenye malaria. Kansa hiyo inahusiana na virusi fulani pamoja na malaria ya mara kwa mara. Watafiti wameuchunguza mnyaa pia, kwa kuwa utomvu wake unaweza kuviamsha virusi hivyo.

UKIINGIA JICHONI

1. Usisugue jicho.
2. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, ukifungua kope. Usingoje kupata dawa.
3. Usitie maziwa ya mama, mkojo, wala majani.
4. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo. Mara nyingi maumivu huongezeka baada ya saa kadhaa. Mwambie mganga ni utomvu wa mmea gani. Anayetibiwa mapema kwa kawaida hupona. Anayechelewa anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Ukimwagika kwenye ngozi, osha kwa sabuni na maji. Mtoto akiuonja, msukutue kinywa, usimtapishe, mpeleke kituoni.

KUMBUKA NA JIRANI

Uzio wa mnyaa una pande mbili. Kabla ya kupanda mpakani, zungumza na jirani na mwenyekiti wa bloku yenu. Kubalianeni nani atakata na lini, na siku ya kukata watoto wa nyumba zote mbili wawe mbali. Kama jirani ana watoto wadogo na hataki mnyaa, msikilize.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika bloku yetu mnyaa uko wapi, na watoto huchezea wapi?
2. Kwa nini kipande cha mnyaa hukaushwa kabla ya kupandwa?
3. Utomvu ukimwingia mtoto jichoni sasa hivi, maji safi ya karibu yako wapi?

Swali la tatu lijibiwe na kila nyumba kabla kikundi hakijatawanyika.